VPN Haibani Bando, Shemeji

Nimeulizwa msibani. Ilikuwa Mbagala, tumerudi makaburini, tumekaa mkekani tukisubiri wali, na shemeji yangu akawa anasogea taratibu mpaka goti lake likagusa langu. Nikadhani ana neno la michango. Akaninong'oneza: "Injinia, ile VPN ya kubana bando inaitwaje?"

Mwezi huo ilikuwa mara ya nne. Kwanza aliniuliza mwalimu wa mwanangu, siku ya kikao cha wazazi. Kisha mpangaji mwenzangu, kisha fundi aliyekuja kuziba tangi la maji. Maneno yao hayapishani sana: VPN gani inabana bando, VPN gani inaongeza kasi, VPN gani ina intaneti ya bure. Kazi yangu ni mitandao. Kutwa natazama vipimo vya kinachopita kwenye nyaya na minara, na uzito wake. Basi leo najibu kwa maandishi, mara moja, ili msiba ujao nile wali wangu kwa utulivu.

VPN ya kubana bando haipo. Zilizopo zinaongeza matumizi, kidogo au sana kulingana na aina yake, na ikiwa ni ya bure inakuongezea na mengine ambayo hukuyaomba.

Tuseme unatuma mzigo Mwanza kwa basi. Nguo zimo ndani ya boksi, boksi lina jina la mpokeaji, karani wa stendi ya Magufuli pale Mbezi anapima kilo, unalipa. Anatokea mjanja mmoja anakwambia: litie boksi lako ndani ya boksi kubwa, juu yake andika jina la wakala wangu wa Mbeya, yeye atalichana la nje na kulipeleka la ndani Mwanza. Faida ipo, sikatai. Karani wa Mbezi hatajua mzigo unakwenda kwa nani. Ila kilo zimepungua wapi? Boksi la nje nalo lina uzito wake, na mlipaji ni wewe. Tena safari imerefuka, maana Mbeya haiko njiani.

Kwenye simu, wakala wa Mbeya ni seva iliyoko Uholanzi au Singapore. Mtandao hukata data vipande vipande, na kipande kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. WireGuard, ambayo ni moja ya VPN nyepesi kabisa, inaongeza baiti 60 kwenye kila kipande kinachopita kwa anwani za IPv4, na 80 kwa IPv6. Yaani katika kila baiti 1,500 unazokatwa, zako ni 1,440. Ukipakua GB 1 ya mambo yako, zaidi ya MB 40 nyingine zimekwenda kwenye maboksi. Na hapo nimehesabu vipande vilivyojaa. Vile vidogo ambavyo simu hutuma kuitikia "nimepokea", vyenye baiti 40 tu, huvuka 100. VPN nyingine nyingi ni nzito kuliko hiyo.

Hapa mwenye VPN huja na utetezi wake: "Yetu inabana data kabla ya kukutumia." Inabana nini? Picha unayopakua ilishabanwa na mwenye tovuti ikawa JPEG au WebP. Video imebanwa zaidi ya picha. Hata maandishi, seva huyatuma yakiwa yamebanwa kwa gzip au Brotli. Kisha vyote hivyo vinafumbwa kwa HTTPS, vinageuzwa kuwa mchanganyiko usiosomeka na yeyote aliye katikati. Kubana data ni kutafuta kinachojirudia na kukiandika mara moja, na data iliyofumbwa vizuri haina kinachojirudia. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba tui la kwanza ni zito, la pili jepesi, la tatu maji matupu, na baada ya hapo mkononi kimebaki chicha. Wewe ukiletewa chicha, tena ndani ya kasha la chuma usilo na ufunguo wake, utakamua nini?

Uongo huu una babu yake, na babu alikuwa mkweli. Ndiyo maana haufi.

Miaka ya mwanzo ya simu janja, kurasa nyingi za mtandao zilipita zikiwa wazi. Aliyekaa katikati aliweza kuiona picha, akaiminya, akakuletea ndogo. Kampuni ya Onavo ya Israeli, iliyoanzishwa 2010, ilikuwa na programu iliyoitwa Onavo Extend ambayo kazi yake ilikuwa hiyo hasa: data yako inapita kwenye seva zao, inaminywa, inakufikia imepungua. Ilifanya kazi kweli. Google nao wakatia kiminyio kama hicho ndani ya Chrome ya simu, na mwaka 2015 wahandisi wao walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba, kwa mtumiaji wa kati, kurasa zilizopita kwenye seva zao zilipungua nusu. Nusu! Mwaka ule ungeniuliza swali lako ningekujibu bila kukunja uso.

Lakini hata mwaka ule kiminyio cha Chrome kiliziruka kurasa za HTTPS, kwa sababu hakikuwa na namna ya kuona ndani yake. Na kurasa hizo zikaanza kuwa nyingi. Desemba 2015 Let's Encrypt ilifungua milango yake kwa kila mtu, ikagawa bure vyeti vya HTTPS ambavyo zamani vilikuwa vya kununua. Kuanzia Julai 2018 Chrome ikawa inaiwekea kila tovuti isiyo na HTTPS onyo kwamba si salama, na wenye tovuti wakahama kwa aibu. Mtandao ukafungwa kufuli, jambo jema kwa nywila zako na kwa pesa zako, na aliyekaa katikati akabaki anatazama makasha ya chuma yakipita. Tarehe 29 Machi 2022, pamoja na toleo la 100, Google walikizima kiminyio chao. Kama mwenye Chrome mwenyewe amefunga duka, yule mwenye VPN ya bure yenye picha ya mnyama mwenye miwani anaminya nini?

Onavo yenyewe iliishia pabaya. Facebook waliinunua 2013. Baadaye ikaja na VPN iliyoitwa Onavo Protect, ikitangazwa kama ngao ya kumlinda mtumiaji, kumbe ilikuwa ikiwaonyesha Facebook watu wanafungua programu gani na kwa muda gani. Agosti 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple, mwaka uliofuata ikafungwa kabisa, na Julai 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia iliziamuru kampuni mbili za Meta, ndiyo Facebook yenyewe kwa jina jipya, zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa sababu wateja hawakuelezwa ipasavyo kwamba taarifa zao zitatumika kibiashara. Programu iliyoanza kwa kukuokolea MB ilimalizia kwa kukuhesabia unachofanya. Rahisi ghali.

"Lakini mimi nimeona kwa macho yangu," watu huniambia. "Nikiwasha VPN, bando la siku mbili linafika siku ya tatu." Nakubali kwamba umeona. Sikubali sababu yake.

Ukiwasha VPN dhaifu, intaneti inakuwa nzito. YouTube ikiona njia ni nyembamba hushusha ubora wa video yenyewe, kutoka picha ang'avu hadi ukungu, na ukungu una MB chache. TikTok inakwama, unachoka, unaiweka simu chini. Bando limekaa kwa sababu umekula kidogo. Mgonjwa asiye na hamu ya chakula naye kilo moja ya unga inamfikisha mwisho wa mwezi, lakini hakuna anayesema homa inabana unga.

Sababu nyingine ni kwamba baadhi ya VPN huja na kizuizi cha matangazo ndani yake. Matangazo yakizuiwa, MB hupungua kweli. Sifa hapo ni ya kizuizi, na kizuizi unaweza kukipata bila VPN, bila malipo, kama nitakavyosema chini. Halafu kuna ile namba inayong'aa kwenye programu: "Umeokoa MB 312 leo." Nani kapima? Muuzaji. Ukienda buchani hukubali kupimiwa nyama kwa mizani iliyo mfukoni mwa muuza nyama, lakini kwenye simu unakubali na kuwatumia marafiki picha ya skrini.

Pima mwenyewe, haichukui nusu saa. Angalia salio la bando kwenye menyu ya kampuni ya simu, futa kumbukumbu ya kivinjari, fungua kurasa kumi unazozijua, angalia salio tena. Futa kumbukumbu, washa VPN, fungua kurasa zile zile kumi, angalia salio. Soma mizani ya anayekukata pesa. Usisome ya anayekuuzia dawa.

Kuhusu VPN za bure kwa jumla, sina haja ya kukutisha kwa hadithi. Watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu walizichunguza VPN 283 za Android na kutoa matokeo yao 2016. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Asilimia 18 hazikufumba kitu chochote, yaani boksi la nje lenyewe lilikuwa limetoboka. Mwaka uliotangulia iligundulika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikipitisha mawasiliano ya wateja wengine, wale wanaolipa, kwenye intaneti ya wateja wake wa bure. Ulikwenda kutafuta wa kukupunguzia mzigo, ukageuzwa mpagazi.

Na lipo kundi la "faili". Hawa hawaniulizi kwa kunong'ona, wananitumia kabisa. Kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp kunauzwa mafaili ya kupachika kwenye programu za kupitishia data, bei ya soda, kwa ahadi ya intaneti isiyokwisha. Ujanja wenyewe ni kuidanganya kampuni ya simu kwamba unakwenda kwenye tovuti ambayo haikatwi bando, kama vile ukurasa wa huduma kwa wateja, kumbe ndani unapitisha mechi. Ujanja huo unafanya kazi mpaka siku kampuni itakapoziba tundu, nao huziba. Siku hiyo faili limekufa, muuzaji kabadilisha jina la grupu, na laini yako iko mikononi mwa watu wa kampuni wenye kumbukumbu ya kila kitu. Kibaya zaidi, upande wa pili wa bomba hilo yupo mtu usiyemjua ambaye kila unachofanya kinapita kwake. Kampuni ya simu angalau ina leseni, ina ofisi, ina mlango wa kugonga. Huyu ana picha ya katuni.

Sisemi VPN ni takataka. Mhasibu aliye Dodoma anaihitaji kuingia kwenye seva ya ofisi iliyoko Dar es Salaam. Mwandishi wa habari ana sababu zake. Ukikaa kwenye Wi-Fi ya hoteli, inamficha mwenye Wi-Fi asione tovuti unazotembelea. Waganda wengi waliifahamu Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. VPN iliwasaidia kuikwepa kodi huku ikila data yao upande mwingine. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa ikaletwa ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, na hapo VPN ikageuka mzigo mtupu, kwa sababu kila MB inayoongeza inatozwa kodi. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, kwa hiyo kabla ya kuiweka jua kanuni zinasemaje. Lakini yote hayo ni habari ya nani anakuona. Bando ni habari ya uzito.

Najua swali linatoka kwenye maumivu. Hakuna aliyesahau Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoanza tarehe 2 na kelele zikawa kubwa mpaka vikasitishwa. Mtu anajiunga bando asubuhi, jioni anapata ujumbe kwamba limekwisha, na hakumbuki alichofanya. Anastahili jibu. Ila aulize swali lenyewe: ukurasa huu una nini ndani yake, na nani anaufungua?

Habari ya maneno 500 haifiki KB 5. Ukurasa unaoibeba ni mwingine. HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya tovuti, unaonyesha kwamba ukurasa wa kati kwenye simu sasa umevuka MB 2. Tofauti hiyo ni picha, matangazo, video inayojichezesha pembeni, na msururu wa JavaScript wa kumfuatilia msomaji. Umetuma mtoto dukani kununua kiberiti, amerudi na gunia. Mzigo huo unapungua kwa njia mbili tu: ama mtu mwingine aufungue ukurasa kwa niaba yako akuletee kiberiti, ama simu yako ilikatae gunia mlangoni. Zaidi ya hapo ni kutokwenda dukani.

Ya kwanza ndiyo Opera Mini, na wengi wenu mliianza kwenye kitochi bila kujua inafanyaje. Opera, kampuni ya Norway, iliijaribu nchini mwao Agosti 2005 na kuifungulia dunia Januari 2006, kwa simu ambazo zisingeweza kufungua ukurasa kamili hata kwa maombi. Simu inatuma anwani tu. Seva ya Opera ndiyo inayokwenda kwenye tovuti, inapokea ukurasa, inaupanga, inauminya na kukutumia muhtasari mwepesi. Wenyewe husema akiba inaweza kufika asilimia 90. Kwa nini yeye aweze na VPN ishindwe? Kwa sababu kwa tovuti ile, msomaji ni seva ya Opera. Kufuli la HTTPS limefunguliwa huko, mbele ya seva, wala si kwenye kiganja chako. Mpishi ameonja kila chungu kabla ya kukupakulia. Kwa habari za mpira ni sawa kabisa. Kwa nywila ya benki, sivyo. Na VPN yoyote itakayokuomba usakinishe cheti kwenye simu ili ibane vizuri, inaomba kuwa mpishi wa vyungu vyote, pamoja na kile chenye pesa. Ikatae, uifute.

Haya, nafasi inakwisha na VPN imeila karibu yote, kama inavyokula bando. Dawa nazitaja haraka.

Opera Mini iweke kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana, maana kiwango cha kawaida kwenye Android hufungua ukurasa kama kivinjari kingine chochote. Itumie kwa kusoma: habari, matokeo ya mitihani, ratiba, bei za mazao. Benki, barua pepe na mambo ya serikali fungua kwenye kivinjari kingine.

Ukitaka kulikataa gunia, weka Firefox ya Android, kisha ndani yake uweke uBlock Origin, ambayo Chrome ya simu haiipokei. Inazuia matangazo na vifuatiliaji visiitwe kabisa. Ina pia kipengele cha kuzuia picha zinazozidi ukubwa unaoutaka. Weka KB 50, na picha unayoihitaji iguse ndiyo ije. Huo ndio ulinzi ninaoutumia mwenyewe, kama ulitaka kuniuliza na hilo.

Hutaki kubadili kivinjari? Kwenye Chrome ingia mipangilio ya tovuti, uzime JavaScript. Tovuti za habari nyingi zitafunguka nyepesi kama karatasi. Chache zitagoma, hizo ziruhusu moja moja. Simu yenye Android 9 au zaidi ina sehemu ya DNS ya faragha. Andika pale dns.adguard-dns.com na matangazo mengi yatakatika kwenye simu nzima. Hicho ndicho kile kizuizi ambacho VPN inakitembeza kama uchawi wake.

Kuanzia Android 7 kuna kiokoa data. Kiwashe, kinazifunga mdomo programu zinazokula bando ukiwa umelala. WhatsApp: zima upakuaji wa picha na video wa kujiendea. Facebook, Instagram na TikTok: kila moja ina sehemu yake ya kuokoa data, itafute. Duka la programu lisasishe kwa Wi-Fi tu. Hifadhi ya picha mtandaoni, vivyo hivyo. YouTube chagua ubora mwenyewe, usiiachie ikuchagulie.

Mitego mitatu. Hali ya kusoma, ile inayosafisha ukurasa ukabaki maandishi, kwa kawaida haiokoi kitu: inasafisha gunia likiwa limeshafika sebuleni. Dirisha la siri linaongeza matumizi, kwa sababu ukilifunga linatupa kila lilichokipakua, na kesho unakipakua upya. Na zile programu za "kusafisha simu" zinazofuta kumbukumbu kila asubuhi ni hasara ile ile yenye rangi nzuri. Jaribio langu la kurasa kumi ni la mara moja; usiligeuze ibada.

Chota ukiwa kwenye kisima. Ukipata Wi-Fi, pakua kurasa, ramani na kamusi za kutafsiri zikae kwenye simu. Programu ya Kiwix inakuwekea Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu, makala makumi ya maelfu, na kuisoma baada ya hapo hakukukati hata KB.

Na kuna kutokwenda dukani kabisa. Salio la benki, LUKU, pesa za simu: menyu ya nyota na reli haitumii bando. Jibu moja lina nafasi ya herufi 182, na kwa mambo mengi zinatosha. Wanaopenda kitochi nao wasijione wamesahauliwa. Kampuni ya CloudMosa, iliyotengeneza kivinjari cha Puffin, ina mfumo wa simu za vitufe za 4G ambamo ukurasa unafunguliwa kwenye seva, simu inaonyesha tu. Ni Opera Mini ile ile imerudi na shati jipya, na sharti la mpishi liko pale pale.

Turudi mkekani. Wali ulikuwa bado, nikamwomba shemeji simu yake. VPN tatu, moja juu ya nyingine, na moja yao ilikuwa inajifungua yenyewe kila simu inapowashwa. Nikaingia kwenye matumizi ya data. Kinara hakuwa kivinjari wala VPN. Ilikuwa WhatsApp: magrupu kumi na saba, likiwemo la msiba huo huo, kila moja likishusha video za watu wote usiku kucha bila yeye kuzitazama. Nikazima upakuaji, nikafuta VPN zote tatu, nikamwekea Opera Mini, nikamweleza habari ya boksi la Mbeya na habari ya chicha. Akasikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa kila nilipopumua. Sinia likaletwa, tukanawa.

Katikati ya tonge la tatu akanigusa tena kwa goti.

"Sasa hiyo Opera Mini, shemeji," akasema, "naiwashia na VPN gani?"